Nalipwa kwa Herufi

Mimi si mchezaji. Gofu sijui hata fimbo inashikwaje.
Naandika: vibao vya maduka Kanyenye,
ubavu wa malori ya tumbaku, misalaba,
na kila Desemba, klabu ya reli wakinikumbuka,
ubao wa mninga ulio ukutani juu ya kaunta.
Nalipwa kwa herufi. Tarakimu nusu bei.

Ndiyo maana nawapenda mabingwa wenye majina marefu.
Aliposhinda Dokta Pai
niliondoka na nauli tu.
Aliposhinda Bonaventura Kapalamula
nyumbani tulikula nyama, na chenji ikabaki.

Ubao huu nimeusoma kuliko walioandikwa humo.
Juu kabisa, rangi imefifia, yupo mkuu wa stesheni
aliyepiga shimo la saba pigo moja,
mpira ukaingia kama panya anayejua kwao,
siku ambayo treni ya Mpanda ilichelewa kuondoka
kwa kukosa mtu wa kuinua bendera:
bendera aliyokuwa ameshika ilikuwa ya shimo.

Chini yake mwalimu wa Milambo,
aliyezunguka mashimo tisa asipoteze mpira hata mmoja.
Kwa nyasi zetu za masika
na mbwa wa Cheyo wanaookota chochote cheupe,
huo nao ni ubingwa.

Kuzunguka shimo, kwetu si kijani.
Ni mchanga uliomwagiwa oili chafu ya injini.
Hapo alikulia Nyamizi, binti wa mmwaga oili,
akiburuta gunia kufuta nyayo za wakubwa,
na jioni, wakubwa wakishaketi kwenye bia,
akipiga kwa fimbo ya kuazima
iliyokatwa kwa msumeno ifike kimo chake.

Mwaka huu redio ilimtaja katikati ya bei za mazao:
Nyamizi Kasubi, mtu wa kwanza wa hapa petu
kushinda shindano la kulipwa.
Katibu akaniita siku hiyohiyo.
Hata Desemba haikungojwa.

Aliyekuja kunishikia ngazi ni kaka yake, Lugendo,
ndiye humbebea mfuko wa fimbo.
Nilikuwa kwenye Z aliposema, bila kuulizwa:

“Hawataandika mwaka ule mwingine.
Shimo la kumi na sita, kwenye nyasi ndefu,
kaweka fimbo nyuma ya mpira, mpira ukasogea.
Upana wa punje ya mtama. Hajapiga bado.
Hakuna aliyeona. Mimi nafunga kamba ya kiatu.
Akanyoosha mkono kama mtoto darasani,
akamwita mwamuzi: Niongezee moja.
Mchujo ukatuacha kwa hiyo moja.

Tulirudi na treni, daraja la tatu.
Nilimnunia mpaka Itigi.
Pale akanunua mayai ya kuchemsha,
akayamenya, akala ute,
viini vyote akanipa mimi.”

Ngazi ilitikisika kidogo. Nikamwambia, shika.

NYAMIZI KASUBI MSHINDI.
Herufi ishirini, na mwaka wake.
Katibu akahesabu kwa kidole, akarudia,
kana kwamba ningeweza kuficha M kwapani.
Akaenda kutafuta kitabu cha risiti.

Nilichukua brashi ndogo kuliko zote,
ile ya kope za malaika wa makaburini,
nikagusa rangi ya dhahabu, nikaweka nukta moja
mbele ya jina, pembeni,
upana wa punje ya mtama.

“Hiyo nini? Rangi imedondoka?”
“Imedondoka.”
“Utaifuta?”
“Ikikauka.”

Lugendo alikuwa ameinua uso.
Hakusema kitu. Aliendelea kuishika ngazi
muda mrefu baada ya mimi kushuka.

Nukta sikuiweka kwenye risiti.